Namna ya Kuwa Bingwa wa Chembe za Atomu kwa Njia za Mkato

Unataka kuonekana msomi. Kila mtu anataka. Kosa la wengi ni kuchagua uwanja uliojaa watu. Kijiweni kila mmoja ni kocha wa mpira, kila mmoja ni mchambuzi wa siasa, na ukiteleza kidogo unazomewa mpaka unaaga kahawa ikiwa bado ya moto. Njoo huku kwenye chembe zinazounda atomu. Huku kuna nafasi. Ukisema kwa sauti tulivu kwamba tungamo la protoni ni 938, baraza zima litanyamaza. Wote walifundishwa sekondari, na wote wamesahau.

Nitakupa hila zote ninazozijua. Nyingi zimetoka kwa wanafizikia wenyewe, na hao, mwenzangu, ndio wakuu wa njia za mkato. Kudesa kwao ni halali kabisa.

1. Tupa kilogramu

Tungamo la elektroni kwa kilogramu huandikwa sifuri, nukta, kisha sifuri nyingine 30, ndipo tarakimu zenyewe zianze: 9109 na kuendelea. Anayekariri hiyo anajitesa bure. Wanafizikia waliikimbia zamani. Wao hupima tungamo kwa nishati, na kipimo chao ni elektronivolti, yaani nishati ambayo elektroni moja huipata ikisukumwa na volti moja. Betri ya tochi ya volti 1.5 inaipa elektroni elektronivolti 1.5. Basi, ndiyo hiyo.

Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwamba tungamo la kitu ni kipimo cha nishati iliyomo ndani yake. Ukigawanya nishati hiyo kwa mraba wa kasi ya mwanga, unapata tungamo. Wanafizikia wakizungumza wao kwa wao huacha hata kuutaja huo mraba. Nawe uache.

Unabakiwa na namba tatu tu, zote katika elektronivolti milioni moja moja, ambazo wenyewe huandika MeV: elektroni 0.511, protoni 938.3, nyutroni 939.6. Ukipanda daladala Posta ukiwa nazo kichwani, utakuwa umezimeza kabla hujafika Ubungo. Siku ya kuzitamka usitaje tarakimu zote. Sema “nusu”, sema “mia tisa thelathini na nane”, halafu endelea na kahawa yako.

2. Kwenye chaji, hesabu mpaka moja

Shuleni walikupa chaji ya elektroni kwa kulombi, na ukaichukia fizikia tangu siku hiyo. Iweke kando, tutaifikia mwishoni. Elektroni ni hasi moja, protoni ni chanya moja, nyutroni ni sifuri. Mtu akitaka kukubana, mpe kanuni: kila chembe iliyowahi kunaswa maabara ikiwa peke yake ina chaji ya namba nzima au haina chaji kabisa.

Baada ya hapo toa nondo. Omba kalamu na karatasi yoyote. Andika kwamba ndani ya protoni na nyutroni kuna kwaki za aina mbili: u yenye chaji ya chanya theluthi mbili, na d yenye hasi theluthi moja. Protoni ni u, u na d: theluthi mbili, ongeza theluthi mbili, toa theluthi moja, jibu ni moja. Nyutroni ni u, d na d: theluthi mbili, toa theluthi, toa theluthi, jibu ni sifuri. Usiharakishe. Watu waliochukia hesabu za sehemu maisha yao yote hufurahi sana kuziona zikitoa jibu safi mbele ya macho yao. Malizia kwa kusema kwamba Murray Gell-Mann na George Zweig walilifikia wazo hili mwaka 1964, kila mmoja kivyake, na kwamba hadi leo hakuna aliyeweza kuichomoa kwaki moja ikakaa nje peke yake.

Akitokea wa kuuliza kwa nini elektroni ikapewa alama ya hasi, furahi. Benjamin Franklin ndiye aliyezigawa alama za chanya na hasi miaka ya 1740, karne moja na nusu kabla elektroni haijajulikana. Alibahatisha. Elektroni ilipokuja kugunduliwa ikakutwa iko upande wa hasi, na ndiyo sababu mishale ya mkondo wa umeme kwenye michoro ya saketi huelekea kinyume na zinakokwenda elektroni zenyewe. Kama mwanao amewahi kukosa maksi kwa mshale huo, sasa unajua aliyemponza.

Lakini ngoja. Kuna jambo hapa ambalo ningependa ulijue hata kama hutamwambia mtu. Protoni na elektroni hazina undugu wowote unaoonekana. Moja ni nzito, nyingine nyepesi. Moja ina kwaki ndani, nyingine haijawahi kukutwa na kitu ndani yake. Hata hivyo ukubwa wa chaji zao unalingana kiasi kwamba vipimo makini havijaona tofauti hata ya sehemu moja katika bilioni moja ya trilioni. Chukua tofauti ndogo ya sehemu moja tu katika bilioni. Watu wawili waliosimama umbali wa mita moja wangesukumana kwa nguvu inayozidi uzito wa tani milioni kumi. Tunaweza kupeana mikono kwa sababu chaji hizo mbili zinafutana kikamilifu. Mimi huishangaa hesabu hiyo kila ninapoirudia.

3. Iba namba 1836, lakini iibe vizuri

Protoni ni nzito kuliko elektroni mara 1836. Ukitaka ieleweke hata kwa asiyependa namba, sema hivi: elektroni ikiwa nyanya moja ya gramu 50, protoni ni gunia la kilo 92.

Hila iliyo tamu zaidi ni hii. Toa simu, fungua kikokotoo, chukua pai, ipandishe kwenye kipeo cha tano, zidisha kwa sita. Utapata 1836.12. Mwaka 1951 Friedrich Lenz aliliona hilo na kulituma kwenye jarida la Physical Review, na likachapishwa kwa mistari michache tu, moja ya makala fupi kuliko zote katika historia ya fizikia. Kwa vipimo vya wakati huo namba mbili hizo zililingana. Vipimo vya leo vinasema 1836.153, na pai imeachwa nyuma.

Kwa hiyo fanya mchezo wote, waache watoe macho, kisha wewe mwenyewe uwe wa kwanza kusema kwamba ni sadfa. Ukisubiri mwingine aseme, umechemka. Ukisema wewe, unaondoka na sifa mbili: umewaonyesha maajabu, na umewaonyesha kwamba hudanganyiki na maajabu.

4. Onyesha kiganja

Hapa huhitaji kalamu. Nyoosha mkono, fungua kiganja kielekee juu, nyamaza kidogo. Kisha sema: “Moja imepita. Nyingine hiyo.” Unazungumzia muoni, chembe yenye chaji ileile ya elektroni, hasi moja, lakini nzito mara 207. Zinazaliwa juu angani miale kutoka anga za mbali inapogonga hewa, na takriban moja kila sekunde hupita kwenye kiganja cha mtu mzima. Carl Anderson na Seth Neddermeyer walizigundua mwaka 1936, na wanafizikia walibaki wakiulizana zinafanya kazi gani duniani. Ni elektroni iliyonenepa, basi. Ipo pia ya tatu katika ukoo huo, tau, nzito karibu mara 3,500, iliyogunduliwa kule California katikati ya miaka ya 1970. Itaje ukiulizwa, usiitaje usipoulizwa.

5. Msubiri atakayetaja Higgs

Kila baraza lina mmoja aliyesoma gazeti la mwaka 2012. Atakwambia kwamba chembe ya Higgs, iliyopatikana kwenye maabara ya CERN mwaka huo, ndiyo inayovipa vitu vyote tungamo. Mwache amalize. Usimkatize hata kidogo.

Kisha rudi kwenye karatasi yako ya kwaki. Andika tungamo la u, takriban 2.2. Andika la d, takriban 4.7. Jumlisha za protoni: 2.2, 2.2 na 4.7. Jibu ni kama 9. Sasa mwulize kwa upole: protoni ina 938, hizo nyingine zimetoka wapi?

Chembe ya Higgs inahusika na hiyo 9. Asilimia 99 iliyobaki ni nishati: kwaki zinazokimbia ndani ya nafasi finyu mno, na gluoni zinazozifunga pamoja, gluoni ambazo zenyewe hazina tungamo hata chembe. Mwaka 2008 kundi la watafiti wengi wao wakiwa Ulaya lilitumia kompyuta kubwa kukokotoa tungamo la protoni kutoka kwenye nadharia ya kwaki na gluoni, na jibu likaangukia pale pale kwenye kipimo, ndani ya asilimia chache. Maana yake ni kwamba ukipanda mizani hospitalini, karibu kila kilo inayosomwa pale ni mwendo na mshiko, na sehemu ndogo tu ndiyo tungamo la vitu vyenyewe. Kanuni ya kwanza ya somo letu, ile ya Einstein, imerudi kukutafuta kwenye mwili wako.

Mwenzako wa gazeti usimcheke. Amekusaidia kung’ara, mwagizie kahawa.

6. Kadiria kila kitu, isipokuwa hiki

Nimekuruhusu kukadiria. Nusu badala ya 0.511, sawa. Mbili badala ya 2.2, sawa. Ila usithubutu kusema protoni na nyutroni zina tungamo moja, ingawa vitabu vingi vya shule huzipa zote namba 1 na kupita. Nyutroni imezidi kwa 1.29. Ni tofauti ya sehemu kama 1.4 katika elfu, na ndani yake kuna habari ya dunia nzima.

Kwa kuwa nyutroni ndiyo nzito, nyutroni iliyo peke yake hufa. Hudumu kwa wastani wa takriban dakika 15, kisha hugeuka kuwa protoni, elektroni na antinyutrino, chembe nyepesi mno isiyo na chaji. Toa 0.511 ya elektroni kutoka kwenye 1.29, inabaki 0.78, na hiyo ndiyo nishati ya safari wanayogawana watoto hao. Hesabu inafunga. Geuza sasa: protoni ingekuwa ndiyo iliyozidi kwa kiasi hicho, protoni ndiyo ingekufa, na atomu ya haidrojeni, ambayo kiini chake ni protoni moja, isingedumu. Bila haidrojeni hakuna maji. Jua nalo ni haidrojeni kwa sehemu kubwa.

Na ukiulizwa kwa nini nyutroni ndiyo ikazidi, unajua tayari: d ni nzito kuliko u, na nyutroni ina d mbili. Chaji ya protoni inajaribu kuvuta upande wa pili kwa kuiongezea protoni nishati kidogo, lakini inashindwa.

7. Ukisahau, fanya kama wakubwa

Siku itafika umesimama mbele ya watu, au umekaa chumba cha mtihani, na chaji imekutoka kichwani na tungamo limeifuata. Tulia. J. J. Thomson alikuwa katika hali hiyohiyo mwaka 1897, pale maabara ya Cavendish, Cambridge. Hakuweza kupima vizuri chaji ya elektroni, wala tungamo lake. Akapima uwiano wa moja kwa nyingine, akautangaza kwa kujiamini, na leo yeye ndiye anayeitwa mgunduzi wa elektroni. Nobel yake ikaja 1906. Basi nawe andika uwiano: kulombi bilioni 176 kwa kila kilogramu. Mtahini atakuona mtu wa kina.

Ukikosea waziwazi, mfuate Paul Dirac. Mlinganyo wake wa mwaka 1928 ulidai kuwepo kwa kitu chenye chaji chanya. Mwanzoni alidhani ni protoni, kwa kuwa wakati huo protoni ndiyo pekee iliyojulikana upande huo. Tungamo lilikataa kwa karibu mara elfu mbili. Wenzake walimbana, na mwaka 1931 akabadilisha kauli: ni chembe mpya, yenye tungamo lilelile la elektroni na chaji iliyogeuzwa. Mwaka uliofuata Carl Anderson akaiona. Unaweza kukosea mara elfu mbili na ukaheshimiwa, ilimradi ukibanwa ugeuke mapema na ugeuke kabisa.

8. Hila moja naikataza

Robert Millikan, Chuo Kikuu cha Chicago, alipima chaji ya elektroni kwa kutazama matone madogo ya mafuta yakielea kati ya bamba mbili za umeme. Kazi nzuri kupita kiasi. Katika makala yake ya mwaka 1913 alitoa matone 58, akasema hayakuchaguliwa, kwamba ndiyo yote ya kipindi hicho. Daftari zake zilipofunguliwa miongo kadhaa baadaye zilionyesha matone mengi zaidi ambayo hakuyachapisha. Wapo wanaomtetea, wakisema mengi aliyoyaacha yalikuwa na hitilafu za majaribio, na huenda ni kweli. Lakini sentensi ile haikuwa kweli.

Kinachoniuma zaidi ni waliomfuata. Jibu la Millikan lilikuwa chini kidogo, kwa zaidi ya nusu ya asilimia moja, kwa sababu alitumia kipimo kisicho sahihi cha mnato wa hewa. Mwaka 1974 Richard Feynman aliwaeleza wahitimu wa Caltech yaliyotokea baadaye: vipimo vya watu wengine vilipanda kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka, badala ya kuruka mara moja mpaka mahali sahihi. Aliyepata jibu lililo mbali na la Millikan alikaa usiku kucha akitafuta kosa lake. Aliyepata jibu la karibu hakutafuta kosa lolote, akalala.

Jifanye unajua, sawa. Kadiria, sawa. Desa, sawa. Ila umepima kwa mikono yako na namba yako haifanani na ya mkubwa? Iandike ilivyo.

9. Geuza ujinga kuwa mjadala

Wanafizikia hawakariri jedwali zima la chembe. Lipo kundi la kimataifa lenye makao Berkeley, California, liitwalo Particle Data Group, linalokusanya chaji, tungamo na umri wa kila chembe, na kutoa pia kijitabu cha kutia mfukoni. Hata bingwa wa CERN hukifungua. Nawe ukiwa nacho kwenye simu, hakuna swali litakalokukuta mikono mitupu.

Ila jifunze kusoma ile namba ndogo inayofuata alama ya kuongeza na kutoa. Hapo ndipo wajuzi wanapotofautiana na wakariri. Mfano ni chembe W. Mwaka 2022 kundi la CDF la maabara ya Fermilab, Marekani, lilitangaza tungamo lake kuwa 80,433, kwa shaka ya 9 tu juu au chini. Mwaka 2024 kundi la CMS la CERN likasema 80,360, kwa shaka ya 10, karibu kabisa na nadharia inavyotabiri. Wote hawawezi kuwa sahihi. Ukiulizwa tungamo la W, sema “elfu themanini na mia nne hivi”, kisha ongeza: “ingawa Fermilab na CERN hawajaelewana.” Swali limeondoka kwako, liko mezani kwa watu wote.

Kwaki ya t ukiipata kwenye kijitabu, simama kidogo. Chaji yake ni theluthi mbili, sawa na u. Tungamo lake ni 173,000, karibu na la atomu nzima ya dhahabu. Ilipatikana Fermilab mwaka 1995.

10. Mahali pa kusema “haijulikani” kwa kifua

Nyutrino. Chaji sifuri. Tungamo? Kwa miaka mingi nadharia ilisema sifuri. Mwaka 1998 watafiti wa Super-Kamiokande, Japani, walionyesha kwamba nyutrino hubadilika aina zikiwa njiani, jambo lisilowezekana kama zote hazina tungamo. Mtambo wa KATRIN wa Karlsruhe, Ujerumani, umeonyesha kwamba tungamo hilo haliwezi kuzidi elektronivolti 0.45. Sikia vizuri: siyo milioni, ni elektronivolti tupu, chini ya sehemu moja katika milioni ya elektroni. Ni ngapi hasa, hakuna binadamu anayejua. Hapo ukisema haijulikani umetoa jibu kamili kama la mshindi yeyote wa Nobel.

11. Kariri namba moja tu, mpaka tarakimu ya mwisho

Karibu kila namba niliyokupa itarekebishwa siku moja. Protoni itaongezewa tarakimu, W itapata mshindi, nyutrino itapimwa. Iko moja isiyoguswa tena. Tangu tarehe 20 Mei 2019, baada ya mataifa kupiga kura kuhusu vipimo huko Versailles mwaka uliotangulia, chaji ya elektroni haipimwi tena kwa kulombi. Kulombi ndiyo inayopimwa kwa chaji ya elektroni. Namba imewekwa kwa makubaliano, haina alama ya kuongeza na kutoa, na watoto wako watairithi ilivyo. Ni ile niliyokwambia uiweke kando: 1.602176634 mara 10 kwa kipeo cha hasi 19. Tarakimu kumi, sawa na namba yako mwenyewe ya simu unayoitaja usiku wa manane ukiwa usingizini. Imeze leo.